Chipu Uichague Mwisho

Vijana wanaokuja kwenye meza yetu ya kazi hapa Kisumu, wakitaka kuunda kifaa cha gemu cha mkononi, karibu wote huanza na swali moja: "Mwalimu, nitumie chipu gani?" Wameshasoma mabishano ya ESP32 na RP2040, chipu mbili za bei nafuu zinazopendwa na wanaojiundia vifaa, na kila mmoja ameshachagua upande, kama mashabiki wa Gor Mahia na AFC Leopards. Mimi huwauliza mengine kwanza. Nani atakinunua, na ana shilingi ngapi mfukoni? Atacheza kwa saa ngapi kabla ya kutafuta chaji? Atachezea wapi, sebuleni au juani? Ukiyajibu hayo kwa ukweli, utajua skrini unayohitaji. Skrini itakuambia betri, betri itakuambia regulata (kipuri kinachoweka volti sawa kwa chipu), na chipu itabaki jambo dogo la mwisho.

Mambo haya si mapya. Game Boy ilipotoka mwaka 1989 ilikuwa na skrini ya pikseli 160 kwa 144, rangi nne tu za kufifia, bila taa ya nyuma, na prosesa ya megahezi 4.19 yenye kumbukumbu ya kilobaiti 8. Mwaka huohuo Atari ilileta Lynx yenye rangi na taa, na mwaka 1990 Sega ikaleta Game Gear, nayo ya rangi na taa. Ukizilinganisha kwenye karatasi, Game Boy ilikuwa imeshapigwa. Ila ilikula betri nne za AA na kwenda zaidi ya saa kumi, huku wenzake wakimeza betri sita na kuzima baada ya saa tatu, nne au tano. Mzazi ndiye hununua betri, na mzazi akaamua. Gunpei Yokoi, aliyeongoza kazi hiyo pale Nintendo, alipenda vipuri vilivyozoeleka, ambavyo bei yake imeshashuka na udhaifu wake unajulikana. Kwa sisi tunaoagiza vipuri barabara ya Luthuli, Nairobi, na kuvipokea kwa basi la usiku, huo ni msimamo wa kuiga.

Sasa njoo kwenye skrini, maana hapo ndipo hesabu inapowashinda wengi. Chukua TFT, yaani skrini ya rangi yenye taa nyuma, ya inchi 2.8 na kidhibiti cha ILI9341, ile ya kawaida kabisa, pikseli 320 kwa 240. Kila pikseli hutaka biti 16 za rangi, yaani baiti mbili, kwa hiyo picha moja nzima ni baiti 153,600. RP2040 ina kumbukumbu ya kilobaiti 264. Picha moja inaingia bila shida. Ukitaka mbili, moja ikitumwa kwenye skrini huku nyingine ikichorwa, unahitaji baiti 307,200, na chipu imeshajaa hata kabla hujamweka mchezaji wala adui wala sauti.

Ukishatatua hilo, kuna waya. Picha hutoka kwenye chipu kwenda skrini kupitia SPI, njia inayotuma biti baada ya biti. Tuseme unaiendesha kwa megahezi 40 (mtengenezaji wa ILI9341 ameandika kiwango cha chini zaidi ya hapo, lakini wengi huisukuma na nyingi huvumilia). Biti 1,228,800 zitachukua kama milisekunde 31, kwa hiyo hutavuka picha 32 kwa sekunde. Nunua chipu ya kasi maradufu na bado utabaki pale pale, kwa sababu foleni iko kwenye waya. RP2350, mrithi wa RP2040 iliyotoka 2024, ina kilobaiti 520, nayo inakuondolea tatizo la kumbukumbu, si la waya.

Dawa zipo, na zote ni za kukubali kupoteza kitu. Unaweza kuhifadhi picha kwa rangi 256 tu kupitia jedwali la rangi. Kila picha inakuwa baiti 76,800, mbili zinaingia, na rangi kamili unaitengeneza wakati wa kutuma. Unaweza kuchora upya sehemu zilizobadilika peke yake, jambo linalofaa mchezo wa bao au drafti lakini halifai mbio za magari. Unaweza kuchukua skrini ya 240 kwa 240, ambayo kwa waya ule ule inakupa kama picha 43. Au utumie waya nane sambamba, na ulie baadaye ukikosa pini za vitufe. Mimi kwa kifaa cha kwanza napendekeza skrini ndogo. Macho ya mchezaji huzoea udogo haraka kuliko yanavyozoea picha inayokatika katika.

Na juani? Toka na TFT saa sita mchana pale Dunga uone: utajitazama uso wako. Playdate, kifaa cha gemu cha mkononi cha mwaka 2022, ilikwepa hilo kwa skrini ya Sharp isiyo na taa, nyeusi na nyeupe, pikseli 400 kwa 240, inayosomeka vizuri zaidi mwanga ukiwa mkali. Skrini za aina hiyo hula umeme kidogo sana, ila bei yake ni mara kadhaa ya TFT, na usiku bila taa huoni kitu.

Umeme wenyewe uhesabu kabla ya kununua chochote. Taa ya skrini miliampea 80, chipu 40, sauti 30: jumla 150. Betri ya lithiamu ya miliampea-saa 1,000 itakupa saa sita na kitu kwenye karatasi. Mahesabu yako yafanye kwa saa tano. Ukiwasha Wi-Fi ya ESP32 sahau hesabu hiyo, maana ikirusha mawimbi inaweza kuvuta zaidi ya miliampea 200 kwa mpigo, na regulata dhaifu itaiacha chipu ijizime na kujiwasha.

Regulata ndiyo kona wageni wanakoumia zaidi. Kila duka lina AMS1117 ya volti 3.3, ni rahisi, na kila mchoro wa mtandaoni unayo. Lakini ikibebeshwa mzigo huhitaji volti moja hivi ya ziada juu ya ile inayotoa, yaani iingiziwe kama volti 4.4. Betri ya lithiamu ikijaa kabisa ni 4.2, na maisha yake mengi inakaa karibu na 3.7. Kwa hiyo kwa sehemu kubwa ya mchezo chipu yako inapata 2.7 au pungufu, na kadi ya SD, ambayo mwisho wake ni 2.7, inaanza kukataa kusomwa. Kijana anakesha akitafuta kosa kwenye programu. Weka ncha za multimita kwenye pini ya 3.3 mchezo ukiendelea, utaliona kosa kwa sekunde mbili. Tafuta regulata ya pengo dogo kama ME6211, au utumie bodi ya Raspberry Pi Pico yenyewe, inayobeba RP2040, ambayo inapokea kuanzia volti 1.8 hadi 5.5.

Kuhusu kuchaji, bodi ndogo za TP4056 huja na rezista ya kilo-omu 1.2, inayoruhusu ampea nzima. Betri ya miliampea-saa 500 haitaki hivyo. Badilisha uweke kama 2.4, upate nusu ampea. Lithiamu isichajiwe ikiwa imevuka nyuzi 45, na ndani ya boksi la plastiki chini ya mabati ya Kondele mchana huko si mbali. Betri za 18650, zile za lithiamu za duara ndefu, zilizotolewa kwenye laptopu zilizokufa zinafaa kwa majaribio mezani, si kwa kumuuzia mtoto wa mtu. Na ukiiona iliyoandikwa miliampea-saa 9,900, mrudishie mwenyewe. Zilizo nzuri ni kama 3,500.

Vitufe vidogo vya kubofya vinatosha kwa sampuli. Vina kelele na vinachosha kidole gumba, lakini raba nzuri inahitaji kalibu, na kalibu ni pesa za watu wanaouza maelfu.

Pesa, basi. Pico ilipozinduliwa 2021 iliuzwa dola 4. Kwa dola ya shilingi 130 hiyo ni 520, na bado hujalipa usafiri. Bodi tano zinazochapishwa China zinaweza kugharimu chini ya nauli ya kuzileta. Ongeza VAT ya asilimia 16 na tozo nyingine za forodha, bodi zitakazoungua mkononi, na vifaa vitakavyorudishwa. Kama vipuri vimekugharimu 2,500, ukiuza 3,000 unafanya kazi bure. Na mnunuzi wako atakuwa ameshaona vile vifaa vya China vyenye michezo mamia, kwa bei usiyoweza kuifikia. Usishindane navyo kwa bei. Uza kinachoweza kufunguliwa na fundi wa Kibuye kikatengenezwa, au kinachomfundisha mwanafunzi kuandika mchezo wake, kwa Kiswahili au Dholuo.

Kabla hujatuma mchoro wa bodi, angalia tundu la USB-C. Linahitaji rezista mbili za kilo-omu 5.1, kila pini ya CC (zile zinazoiambia chaja kuwa kuna kifaa) na yake. Ukiziacha, kifaa kitachaji kwa kebo ya zamani yenye USB-A na kukataa kabisa kebo ya C kwa C. Ukiweka moja ya kushirikiana, utarudia kasoro ya Raspberry Pi 4 za kwanza za mwaka 2019, ambazo baadhi ya kebo zilikataa kuzipa umeme. Acha pia vituo vya kupimia kwenye 3.3, betri na ardhi, vikubwa vya kutosha ncha ya multimita. Halafu agiza bodi tano, si hamsini.