Namba ya miwani ya mtoto inapanda kila mwaka: sisi tulifanya hivi

Mleta mada, umesema binti yako ana miaka 8, haoni mbali, na namba ya miwani imetoka minasi 1 hadi minasi 2.25 ndani ya mwaka mmoja (minasi ndiyo namba ya asiyeona mbali, ikikua tatizo limekua), na duka la miwani wamekushauri apewe lenzi hafifu kidogo "ili jicho lisizoee". Maneno hayohayo niliambiwa mimi kijana wangu alipokuwa na miaka 7, nikayafuata. Alihitaji minasi 1.50 akapewa minasi 1. Miezi kumi baadaye namba imepaa, na kumbe muda wote huo darasani alikuwa ananakili kwenye daftari la jirani yake kwa sababu ubao hauoni.

Hilo la lenzi pungufu lilishapimwa Malaysia, matokeo yakatoka 2002: watoto waliopewa namba pungufu macho yao yalizidi kuharibika kuliko ya waliopewa namba kamili. Mpe kamili, avae.

Halafu usiamini namba ya mashine peke yake. Mtoto hukaza jicho anapopimwa, namba inatoka kubwa kuliko ilivyo. Dukani waliniambia minasi 2.75. Nikampeleka hospitali yenye idara ya macho, wakamtia matone ya kulegeza jicho, wakasubiri, wakapima tena: 2.25. Siku hiyo hatasoma vizuri na jua litamsumbua, kwa hiyo nenda Ijumaa, na kofia ubebe.

Daktari ndiye aliyenifungua macho (samahani kwa utani). Tatizo ni kwamba jicho lenyewe linarefuka kwa nyuma. Milimita moja tu ya ziada ni karibu minasi 2.5 hadi 3. Miwani ya kawaida inamfanya aone, lakini hairudishi urefu huo wala hailisimamishi jicho. Na kinachotisha si unene wa lenzi. Ni kwamba akishavuka minasi 6, ukubwani hatari ya retina (utando wa ndani nyuma ya jicho) kubanduka na presha ya macho inaongezeka sana. Ndiyo maana kuipunguza kasi sasa kuna faida hata kama miwani ataendelea kuivaa.

Matone ya atropini umeyataja, yale ya dawa ya kupunguza kasi ya namba. Yanafanya kazi, ila ukali wa dawa ndiyo habari yote. Hong Kong 2019 watafiti waliona ya asilimia 0.05 inasaidia kuliko 0.01, na Marekani 2023 hiyo 0.01 haikuonyesha tofauti na matone yasiyo na dawa. Famasi nilizozunguka mimi hapa Dar nilikuta ya asilimia 1, kali mno kwa kazi hii: mtoto hasomi karibu, mwanga unamchoma. Jamaa mmoja ofisini akanishauri niichanganye na maji ya dripu nyumbani. Kwenye jicho la mwanangu? Nikamwambia aanze na la kwake.

Tukaenda njia ya lenzi maalumu, zile ambazo katikati ni namba yake ya kawaida na pembeni kuna vilenzi vidogo mamia. Jaribio la Hong Kong la miaka miwili lilionyesha kasi inapungua karibu nusu. Shangazi yake yuko Dubai, akatutengenezea kwa cheti cha daktari wetu. Bei ilinitoa jasho, na kijana alizikanyaga mara moja, tukalipa tena.

La bure ni kutoka nje, na hili lilinigombanisha na bibi yake. Tulifuta tuisheni ya Jumamosi, na jioni anacheza mpira mpaka adhana ya magharibi. Guangzhou, China, waliongeza dakika 40 za nje kila siku ya shule kwa watoto wa darasa la kwanza. Baada ya miaka mitatu waliopata tatizo la kutoona mbali walikuwa asilimia 30.4, na kwa wenzao wasioongezewa muda 39.5. Si lazima achomwe na jua, kivuli cha mwembe kina mwanga mara nyingi zaidi ya darasa. Sisi wenye jua mwaka mzima ndio tunawafungia watoto ndani ya geti na tableti! Ila niseme ukweli: nje inasaidia zaidi kuzuia tatizo lisianze kuliko kumpunguzia kasi ambaye tayari anavaa miwani.

Karoti mpe kama anazipenda. Hazigusi urefu wa jicho.

Sasa kijana ana miaka 11, yuko minasi 3. Siwezi kukuapia kuwa ni lenzi, maana kasi hupungua yenyewe mtoto anavyokua. Lakini 0.75 kwa miaka mitatu, ukilinganisha na mwaka ule wa kwanza, naipokea kwa mikono miwili.

Na je, wewe au baba yake mnavaa miwani ya mbali? Kama ndiyo, na kuna mdogo wake nyumbani, huyo naye mpimishe. Wa kwangu ana miaka 5, bado anaona mpaka namba ya daladala iliyoko kituo cha pili, na kila jioni yuko uwanjani na kaka yake.