Kabla Hujampa Trilobiti Jina, Hesabu Pingili

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Igoma alinitumia picha ya jiwe aliloliokota mlimani nyuma ya kwao. Lina mistari mitatu, anauliza kama ni trilobiti, yule mnyama wa baharini aliyetoweka zamani, mwenye gamba lililogawanyika sehemu tatu. Nilimjibu palepale kwamba siyo. Majabali yetu ya Mwanza, likiwemo Jiwe la Bismarck pale ziwani, ni graniti, mwamba ulioyeyuka kwa moto ukapoa chini ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Trilobiti wa kwanza kabisa tunaowajua ni wa miaka milioni 521 hivi, tena waliishi baharini. Humu kwenye graniti hutampata hata ukivunja mlima mzima.

Akaniuliza: "Sasa kaka, wewe ulijifunzia wapi?" Najua wengi mnaonisoma mna hamu hiyohiyo, kwa hiyo najibu hapa.

Nilijifunza kwenye kabati la chuo ambalo hakuna aliyelijali. Ndani mlikuwa na visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, kutoka milima ya Wales, Utah kule Marekani, na Atlas ya Moroko. Nilikaa nalo jioni baada ya jioni, wenzangu wakiwa Kirumba kwenye mpira. Walinicheka kwamba hao wadudu hawatanilisha. Leo wao hao ndio wananitumia picha niwatambulie.

Kitu cha kwanza: hesabu pingili za kiwiliwili, zile zilizo kati ya kichwa na mkia. Agnosti, aina moja ya trilobiti, anazo 2 tu. Olenoides anazo 7. Phacops ana 11, na macho yake yana lenzi kubwa unazoweza kuziona moja moja. Usikimbilie miiba na mapambo, maana miiba huvunjika. Hesabu.

Kuna kipande kimoja cha Utah, kidogo kama ukucha wa kidole gumba, ambacho kila aliyekishika alisema ni spishi ya peke yake kwa sababu kichwa chake ni chembamba. Nilikiweka chini ya lenzi, nikafuata ukingo wa kichwa polepole. Mashavu mawili ya pembeni hayakuwepo, yameachia sawasawa kwenye mshono. Hilo lilikuwa gamba tu. Trilobiti alikuwa akijivua gamba kila alipokua, na mara nyingi mashavu hayo ndiyo hutoka kwanza. Kipande kilikuwa Elrathia kingii, yule wa kawaida kabisa wa Utah, na pingili zake 13 zipo.

Wale wa Wales ndio waliwasumbua watu zaidi. Milima ilipojikunja iliubana mwamba, na visukuku vikavutika pamoja nao kama khanga iliyovutwa pembe. Kwenye bamba moja utamwona Angelina sedgwickii mrefu mwembamba, na jirani yake mfupi mpana, kumbe ni spishi ileile, wamelala pande tofauti tu. Angalia mwelekeo wa mwamba kabla hujaongeza jina jipya duniani.

Orodha niliyoiandaa ya kabati lile ilikuja kuchapishwa bila jina langu. Niliambiwa ni "kazi ya idara". Bado inaniuma, sitaficha. Kwa hiyo vijana, andikeni jina na tarehe kwenye kila karatasi, na mbaki na nakala. Msiwe wanyonge kwenye kazi ya mikono yenu. Hesabu, andika, weka sahihi. Elimu hii haina mwenyewe, ila jasho lina mwenyewe.

Wanaonunua wa Moroko wawe macho, wengine hufinyangwa kwa gundi na unga wa mawe. Chini ya lenzi utaona vitundu vya hewa.

Ukiwa na kipande chenye lebo ya mahali kilipochimbwa, nitumie picha tatu: ya juu, ya ubavuni, na ya mkia kwa karibu, rula ikiwa pembeni. Bila lebo ya mahali, nitaweza kukupa jenasi tu, yaani jina la kundi lake, siyo la spishi yenyewe.