Re: Nianze kunenepesha ng'ombe wa nyama au soko litakufa?

Salaam mkuu. Umeuliza kama ununue madume 20 Shinyanga uyanenepeshe, au soko la nyama litaporomoka kabla mtaji haujarudi.

Mimi nanenepesha huku tangu 2017, kwa mashudu ya pamba (makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta), pumba na molasi. Soko halifi: miji inakua na walaji wanaongezeka. Kinachoumiza ni bei kupanda na kushuka. Ukame wa 2022 wafugaji walileta mnadani ng'ombe mbavu nje, na mwenye mashudu stoo akanunua kwa bei ya kutupa. Mvua iliporudi hakuna aliyetaka kuuza, kila mtu anajaza zizi upya. Mzunguko huo utaendelea, jipange nao.

Kwa hiyo usianze na bei ya ng'ombe, anza na mashudu. Viwanda vikishaanza kukamua mafuta ya mbegu baada ya mavuno ya pamba, katikati ya mwaka, ndipo ununue. Mwaka mmoja nilisubiri hadi Desemba. Faida yote ikaishia kwenye kununua magunia ya mashudu.

Halafu mfungue dume mdomo, hesabu meno ya kudumu. Dume la meno mawili hadi manne bado linajenga nyama. Lililojaza meno litakulia chakula likuwekee mafuta, na wachinjaji wa mnada wa Pugu, Dar, wanalijua kwa kulipapasa tu.

Kuuza nyama Uarabuni? Wanunuzi wapo, ila homa ya miguu na midomo inafunga milango mingi. Piga hesabu kwa bucha za Dar kwanza. Bei ya 2035 sikutajii, na anayekutajia anakuuzia kitu.