Mweka Hazina Alikimbia na Fedha, Nami Nikaenda Kupiga Kura na Hasira

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Sakina, Arusha, aliniandikia: "Mama, zamani ulikuwa unatuhimiza tukate bima, unasema mgonjwa wa jirani ni mgonjwa wako. Siku hizi kila ukiandika ni kila mtu abebe msalaba wake. Umepatwa na nini?" Niliisoma kibandani kwangu soko la Memorial, Moshi, belo la masweta liko wazi miguuni, nikacheka. Jirani wa kibanda cha pili akaniuliza nacheka nini. Sikuwa na jibu. Usiku sikulala.

Nimepatwa na Desemba 2023, mwanangu. Ndiyo jibu.

Wanaonifuata tangu mwanzo wanakijua kikoba chetu, maana nilikuwa najivunia sana. Wanawake 22, wengi wauza mitumba, mama ntilie wawili, msusi, mwalimu mmoja. Hisa ilikuwa 5,000, na kwa wiki mtu haruhusiwi kupita hisa tano. Sanduku la chuma, kufuli tatu, funguo tatu kwa watu watatu, na sanduku lenyewe linalala kwa mweka hazina. Kwa mwaka mzima fedha haikai ndani, inazunguka kwenye mikopo. Wiki ya kuvunja kikoba tu, kila mtu akisharejesha, ndipo sanduku linakuwa zito. Mwaka ule lilikuwa na 14,600,000. Yangu humo ilikuwa 940,000, na nilishaipangia hadi senti ya mwisho: mabati ya jiko la mama kijijini, sikukuu, ada ya Januari. Siku mbili kabla ya kugawana, simu ya mweka hazina ikawa haipatikani. Kesho yake tulikuta chumba kitupu, limebaki pazia.

Habari za kumtafuta nazipita, mnazijua zinavyokuwa. Hatukumpata.

Ninachotaka kuwaambia ni kilichonipata mimi baada ya hapo, kwa sababu nilidhani nimepoteza fedha tu. Cha kwanza kuondoka ilikuwa bima. Nilikuwa nalipa CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, 30,000 kwa kaya ya watu sita, na Novemba ya mwaka ule ule Bunge lilipopitisha sheria ya bima ya afya kwa wote, nilikuwa nimeandika hapa kwa furaha kama niliyeitunga mwenyewe. Mwaka mpya ulipofika sikulipa. Nilimwambia mume wangu: "Nitoe changu ili akatibiwe nisiyemjua? Nani kasema hataghushi?" Akanitazama tu. Bima ni kikoba cha watu usiowajua, na mimi nilikuwa nimeshindwa hata na kikoba cha watu ninaowajua.

Cha pili ilikuwa kura. Uchaguzi wa serikali za mitaa, Novemba 27, 2024. Mtaani kwetu tulikuwa na wagombea wa kueleweka wawili. Mmoja mwalimu mstaafu, maneno yake ya pole pole: tuchange nguvu tuzibue mtaro, turudishe ulinzi shirikishi, mapato na matumizi yabandikwe ubaoni kila mtu asome. Mwingine alisimama akasema mtaa umejaa wezi na watu wa kuja, yeye hamwamini mtu, na sisi tusimwamini mtu, tumwachie yeye atunyooshee. Jamani, nilipiga makofi hadi viganja vikauma. Nilimwona mweka hazina wangu katika kila neno lake. Yule mwalimu nilimwona mjinga. Nikasema moyoni, huyu naye ataibiwa sanduku.

Basi mwenye kunyoosha akapita. Mkutano wa mtaa tumeitwa mara moja. Ubaoni hakuna karatasi. Na kwa nini iwepo? Alishatuambia hamwamini mtu, na sisi ni watu.

Sasa, binti yangu anasoma Chuo Kikuu cha Ushirika hapa hapa Moshi, na ana tabia ya kuniletea masomo yake mezani pamoja na chai. Nilipomsomea ujumbe wa yule msomaji akasema, "Mama, ugonjwa wako una jina: kutowaamini watu." Akaniambia kuna swali ambalo utafiti wa World Values Survey umekuwa ukiwauliza watu duniani tangu miaka ya 1980: kwa ujumla, unaona watu wengi wanaaminika, au inabidi uwe mwangalifu sana na watu? Norway na Sweden zaidi ya nusu hujibu kwamba wanaaminika. Tanzania ilipoulizwa 2001, waliojibu hivyo hawakufika hata mmoja katika kumi. Lakini katika utafiti huo huo, Watanzania wengi mno walisema wana imani na serikali. Mkubwa tunamwamini, jirani hapana. Nikakumbuka 1995, wajomba zangu walivyosukuma kwa mikono gari la Mrema alipogombea urais, Mungu amrehemu, gari zima lenye mafuta. Walimpenda tangu akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, akitoa siku saba na watu wanatetemeka. Wajomba hao hao hawakuwa tayari kuachiana hata jembe.

Halafu akanipa la Ufaransa, ambalo ndilo lililoniuma. Katika uchaguzi wao wa rais wa 2017, mchumi anayeitwa Yann Algan na wenzake walichambua wapiga kura. Waliochoka na maisha na waliokata tamaa na watawala walikuwa kambi mbili, ya Mélenchon wa mrengo wa kushoto na ya Le Pen wa mrengo wa kulia. Kwa hasira walikuwa sawa. Walipoachana ni kwenye kuwaamini watu wengine. Wa Mélenchon bado waliwaamini, kwa hiyo walitaka mwenye nacho atozwe asiye nacho apate. Wa Le Pen hawakuwaamini, si wageni peke yao, hata majirani na jamaa, na habari ya kugawana haikuwavutia sana. Vyama vyao si vyetu na wala siwafananishi na mtu wa hapa. Ila nilijiona. Hasira yangu ya 2022 na hasira yangu ya 2024 ilikuwa ile ile, bei zile zile, mtaro ule ule umeziba. Aliyebadilika ni jirani yangu machoni pangu.

Na hii Moshi! Babu yangu alikuwa anapeleka kahawa kwenye chama cha msingi, inapimwa, anapewa malipo ya kwanza, anarudi Machame kusubiri ya pili kwa miezi. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima hao wa kahawa, ilianza 1933, na kabla yake walikuwa na chama kingine tangu 1925. Serikali ilipovunja vyama vya ushirika 1976, babu aliomboleza kama amefiwa. Mimi mjukuu wake nimeangushwa na sanduku moja.

Niseme na lile ambalo sijawahi kuliandika hapa. Ufunguo wa tatu ulikuwa kwangu. Mwenye ufunguo wa kwanza alikwenda msibani, wa pili mtoto wake alilazwa, wote wawili wakamwachia mweka hazina. Na mimi nikamwachia wangu, kwa sababu ilikuwa Desemba, wateja wamejaa, sikutaka kufunga kibanda. Kwa mwaka mzima nimewaambia watu "niliibiwa kwa sababu niliamini watu." Uongo. Niliibiwa kwa sababu nilikuwa mvivu. Na kuna hesabu nyingine niliyoikwepa: sanduku lilijaa kwa nini? Kwa sababu wanawake 20 walirejesha mikopo yao yote, kwa wakati, bila kusukumwa. Msusi aliuza simu ili arejeshe. Mwizi mmoja, waaminifu 20, na mimi nikachagua kumkumbuka mmoja.

Kwa hiyo ushauri wangu kwako wa Sakina, na kwenu nyote mnaotaka kuendelea kama mimi: kabla hujampenda mgombea, jiulize ni nani aliyekuumiza mwaka huo. Talaka, deni, shamba la urithi, chochote. Ukimjua, utajua kama unamchagua kiongozi au unamkomoa mtu. Mgombea akikuambia usimwamini mtu, muulize kufuli ziko ngapi na funguo atampa nani. Akikuambia tuaminiane, muulize vile vile, kwa sababu kuaminiana bila kufuli ndiko kulikonifikisha hapa. Na tena, jiulize ni nani aliyekuumiza. Vijana hamjiulizi. Mnakwenda kupiga kura na donda, mnarudi nalo, halafu mnalalamika miaka mitano. Acheni!

Bima nimelipia tena, kama mlitaka kujua. Kikoba tumeanza upya, tuko 17, na sanduku linahama kila mwezi. Jumamosi walinipa ufunguo wa pili. Nilikataa mara mbili, ya tatu nikaupokea nikaufunga kwenye pindo la kanga. Yule mwalimu mstaafu nimekutana naye Mbuyuni, nimemsalimia shikamoo kwa sauti kubwa kuliko kawaida, nadhani hajui kwa nini.

Na wewe mweka hazina, kama bado unanisoma kama zamani: laki tisa na arobaini yangu naisubiri. Namba yangu sijabadilisha.