Baridi ya Julai haitokani na umbali wa jua

Juzi nilipita nyuma ya darasa la saba nikamsikia mwalimu wetu mpya akiwakaririsha watoto wa kambi ya mtihani: "Joto la dunia linaongezeka kwa sababu ya nini?" Darasa zima likaitikia: "Tunduuu la ozoni!" Nikasimama dirishani mpaka chai yangu ikapoa.

Wadogo zangu, nawapenda. Mmekuja na simu zenye video za volkano na miguu ya kusimama vipindi nane. Lakini kwenye marudio mnakosea palepale tulipokosea sisi, na pengine mnaongezea chumvi. Nimeona niandike, maana nikisema kwenye kikao cha taaluma mtaanza kukonyezana.

1. Ozoni na gesijoto ni mada mbili. Ozoni inachuja mionzi mikali ya jua, kabonidayoksaidi inazuia joto lisitoke. Gaweni ubao katikati, kila moja ikae upande wake, msonge mbele.

2. Hali ya hewa inakwambia kama leo uanike mahindi. Tabianchi, ambayo ni wastani wa miaka kama 30, inakwambia kwa nini Njombe tunalima viazi na chai, minazi tunaiona Pwani tukienda harusini.

3. Misimu. Hapa naomba mkae.

Miaka yangu mitatu ya kwanza kazini nilikuwa nachora njia ya dunia kulizunguka jua kama duaradufu ndefu, nyembamba kama muhogo, vile ilivyo kwenye michoro mingi ya vitabu. Dunia ikifika nchani, nasema, imeenda mbali, ndiyo baridi. Ikirudi karibu, ndiyo joto. Nani angenibishia? Tuko Njombe, mwezi wa saba, mtoto kavaa masweta mawili na akijibu swali mvuke unamtoka mdomoni.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba huku kwetu lina shahidi. Ni kweli mwanzoni mwa Julai dunia iko mbali zaidi na jua, kilomita milioni 152 hivi, na mwanzoni mwa Januari iko karibu zaidi, milioni 147. Mwalimu wa Ulaya akilifundisha, theluji ya Januari inamuumbua hapohapo mlangoni. Mimi hakuna kilichoniumbua.

Basi mwaka ule wa tatu nikatunga mtihani wa kambi. Swali la 14: sababu ya kuwepo kwa misimu. A, umbali kati ya dunia na jua. C, kuinama kwa mhimili wa dunia. Hiyo C niliiokota kwenye kitabu bila kuisoma vizuri, nikaiweka ili iwapoteze. Binti mmoja mkimya, anayekaa dawati la nyuma, akachagua C. Nikamkosesha kwa wino mwekundu, tena mkasi mkubwa. Akaja ofisini na karatasi yake, akasimama kwenye kizingiti. "Mwalimu, kama ni umbali, mbona Krismasi Ulaya kuna theluji na sisi huku kuna joto?" Nikamjibu, walimu wenzangu wakisikia: "Kwa sababu Ulaya iko mbali na jua."

Akaniangalia kidogo. Akasema asante, Mwalimu, akaenda zake.

Wiki chache baadaye nikaitwa kusahihisha moko ya wilaya, ule mtihani wa majaribio. Swali la misimu likawemo. Mwongozo unasema mhimili. Meza ya jirani mwenzetu mmoja akainua bunda la karatasi, akauliza kwa sauti: "Jamani, hii shule darasa zima wamechagua umbali, kasoro mtoto mmoja. Anafundisha nani hapa?" Chumba kizima kikacheka. Nilijua ni bunda la kwetu, na mimi nikacheka nao. Kile kicheko changu ndicho kinachoniuma hadi leo, kuliko hata lile jibu la Ulaya.

Usiku ule ndipo nilisoma kile nilichokuwa nafundisha. Mhimili umeinama nyuzi 23.5 na haubadili uelekeo dunia ikiwa safarini. Juni kizio cha kaskazini kinaliinamia jua, sisi wa kusini miale inatufikia kwa mshazari na mchana unapungua kidogo. Desemba zamu inageuka. Zile kilomita milioni 5 ni kama asilimia 3 tu ya umbali wote, kwa hiyo muhogo wangu kwa kweli ni karibu duara. Na Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ndiyo maana baridi yetu inazidi, jambo ambalo watoto wa kata nzima walilijua miguuni mwao, sikuwahi kuwauliza.

Nikaomba radhi darasani, nikamrudishia alama yake. Akauliza, "Na nafasi, Mwalimu?" Alikuwa wa tatu kwa upungufu wa alama moja. Orodha ilishabandikwa, na baba yake alishaisoma.

4. Ziwa Victoria halimo ndani ya bonde la ufa, hata kama ramani yenu imechakaa. Linganisheni vina: Victoria mita 80 hivi, Tanganyika, lililomo ndani ya ufa, mita 1,470. Leteni sinia na ndoo, inatosha.

5. Chomekeni fimbo uwanjani. Hapa kwetu mwezi wa Juni kivuli cha adhuhuri kinalala kusini, Desemba kinalala kaskazini, katikati ya Oktoba jua linasimama utosini na kivuli kinakwisha kabisa. Mtoto akiona hivyo hamna haja ya kumkaririsha mhimili. Atawauliza pia kwa nini mwezi wa saba kivuli kinakuwa kifupi kabisa karibu saa saba kasorobo, siyo saa sita. Saa yetu ni ya longitudo 45 mashariki, Njombe iko karibu na 35. Dunia inatumia dakika 4 kuzunguka nyuzi moja, kwa hiyo nyuzi 10 mara dakika 4, na jua lenyewe lina dakika zake chache za kuchelewa mwezi huo. Hesabu hiyo ijueni kabla hamjatoka nje, maana wa dawati la nyuma ndiye atakayeuliza.

Fimbo yangu iko nyuma ya mlango wa stoo, ina alama za kisu kila sentimita kumi. Mkiichukua mrudishe. Ya mwaka jana niliikuta jikoni, nusu yake imeshapika uji.