Mbona picha za droni zinatoka na ukungu?

Picha ya droni ya kutengenezea ramani ikitoka na ukungu, haitibiki kwenye kompyuta. Programu huunganisha picha kwa kutafuta alama zilezile kwenye picha zinazopishana. Ukingo wa paa la bati ukishafifia, programu haina pa kushika, na ramani hutoka na matundu.

Mara nyingi mkosaji ni mwendo. Zidisha kasi ya droni kwa muda ambao shata, yaani kifuniko kinachoruhusu mwanga kuingia kwenye kamera, iko wazi: mita 10 kwa sekunde na shata ya 1/250 ya sekunde ni sentimita 4 za ardhi zilizoburutika. Droni ya Phantom 4 Pro ikiwa mita 100 juu, pikseli moja, yaani nukta moja ya picha, ni kama sentimita 2.7 za ardhi, basi picha imeshaharibika kwa pikseli moja na nusu. Kwa 1/1000 unabaki na sentimita 1 tu. Kamera isiachiwe iamue yenyewe, maana ikifika juu ya mikoko ya Chwaka, Unguja, kwa ule ujani mzito, itarefusha muda wa shata bila kukwambia. Funga kasi ya shata isibadilike, weka tundu la lenzi f/4 au f/5.6, kisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ndiyo ipande, 100 hadi 400. Usikimbilie tundu dogo la f/11, linalainisha picha nzima.

Fokasi nayo ina mtego wake. Fokasi ya otomatiki huhangaika juu ya maji matulivu, kama pale Paje baina ya mashamba ya mwani, kwa sababu haioni ukingo wowote. Panda hadi urefu wa kazi, lenga paa au barabara, shika fokasi, halafu hamia ya mkono na usiiguse tena. Kuivuta fokasi hadi mwisho wa kipimo, upande wa vitu vya mbali, si sahihi. Lenzi nyingi hupitiliza.

Kusi likivuma, mikarafuu ya Pemba huchezacheza, na hata picha kali hazilingani kwa sababu matawi yameshahama. Hapo shata haisaidii. Ruka baina ya saa mbili na nusu na saa nne asubuhi: mwanga umeshatosha na upepo mara nyingi haujashika kasi.

Droni ikitoka kwenye gari yenye kiyoyozi, lenzi hushika mvuke. Fungua sanduku kivulini, subiri dakika 20. Chumvi ya bahari usiifute kavu, chembe zake hukwaruza kioo. Puliza kwanza, kisha tumia kitambaa laini chenye unyevu wa maji safi.

Kabla ya kuondoka, hasa ukiwa umevuka kwa boti kwenda kisiwa cha Kojani, kuza picha chache kwenye laptopu: za mwanzo, za kona, za juu ya maji, za mwisho. Zikiburutika kufuata njia ya droni, ni mwendo. Zikififia sawasawa kote, ni fokasi au mvuke. Pembe moja tu ikififia, angalia doa kwenye lenzi. Ukishajua, rudia kuruka mistari ile iliyotoa picha mbovu papo hapo, kwa urefu uleule na mpishano uleule, jua halijasogea sana.