Kuinua uso: nyuzi au chale fupi?

Swali: Daktari, mimi ni mwalimu hapa Kakamega, nina miaka 54. Mashavu yangu yameshuka hadi kwenye taya, na kila nikitazama picha za harusi ya binti yangu nakosa raha. Saluni moja ya urembo imeniambia watanivuta kwa nyuzi, bila kisu, kwa saa moja tu, na kesho yake nirudi kazini. Rafiki yangu naye ananishauri nifanyiwe upasuaji wa chale fupi likizo ya Agosti. Natumia dawa za presha, na nilipotoboa sikio mara ya pili niliota keloidi, lile kovu linalovimba na kuendelea kukua. Nifuate lipi?

Jibu: Mwalimu, ahsante kwa kutaja hiyo keloidi bila kuulizwa. Wengi huificha, na kumbe ndiyo inayoamua mambo kuliko urefu wa chale.

Makovu ya watu wenye mwelekeo wa keloidi huchokozwa na mambo kadhaa, na mojawapo ni mshono unaovutwa. Basi kabla ya kumuuliza daktari atakata wapi, muulize atavuta nini. Chini ya ngozi na mafuta ya shavu kuna utando imara ulioungana na misuli ya uso na ya shingo. Wafaransa Mitz na Peyronie ndio walioueleza kwa kina mwaka 1976. Ukivuta ngozi peke yake, italegea tena upesi, kovu litapanuka, na ndewe ya sikio itavutwa chini hadi mtu akikutazama tu ajue umepasuliwa. Ukiinua utando, ngozi inalazwa juu yake taratibu na kushonwa bila kukazwa. Kwa ngozi yako, tofauti hiyo ni kubwa sana.

Njia ya chale fupi inayojulikana zaidi ilielezwa mwaka 2002 na wapasuaji wawili wa Ubelgiji, Tonnard na Verpaele. Chale huanzia chini ya ndewe, hupanda mbele ya sikio, kisha hufuata mpaka wa nywele kwenye panja. Haizunguki nyuma ya sikio kama ule upasuaji mkubwa. Daktari huinua ngozi kidogo, kisha hupitisha uzi imara kwenye utando kwa kuuchoma na kuuibua, kuuchoma na kuuibua, mpaka uzi umezunguka. Akiukaza, utando hujikunja pamoja kama mdomo wa mfuko wa kamba. Mzunguko mmoja mwembamba hushika upande wa shingo, wa pili mpana hushika shavu lililoshuka, na yote hufungwa kwenye utando mgumu ulio juu ya mfupa wa shavu. Mvuto unaelekea juu, si nyuma kuelekea masikioni, kwa hiyo mdomo haupanuliwi. Mara nyingi hufanywa kwa ganzi na dawa ya kutuliza.

Nyuzi za saluni ni jambo jingine. Nyingi ni za kuyeyuka, zina vijino vidogo vya kushika nyama, na huingizwa kwa sindano. Zile za polidioksanoni huyeyuka katika miezi kama sita hadi minane, na kuinuka kwa uso hupungua taratibu. Kwa mtu wa miaka 40 ambaye shavu limeanza tu kulegea, naweza kuzielewa. Kwa shavu lililokwisha kufika kwenye taya, sioni utapata nini cha kulingana na fedha zako. Na neno "bila kisu" lisikutulize: nyuzi huweza kuacha vibonyo, kuonekana chini ya ngozi au kuleta maambukizi. Hiyo ni kazi ya daktari, wala si ya saluni.

Jipime leo. Kaa wima mbele ya kioo, weka vidole viwili mbele ya sikio na usukume juu kuelekea panja, polepole. Taya ikinyooka, chale fupi huenda ikakufaa. Lakini kama ngozi ya shingo bado inaning'inia chini ya kidevu, chale fupi haitaimaliza, na asikuahidi mtu. Tazama pia nywele za panjani. Kama misuko ya kubana imezila, kovu halitakuwa na pa kujificha.

Kuhusu keloidi, rai yangu ni hii. Kama ni hiyo moja tu ya sikio, mlango haujafungwa, ila daktari awe na mpango tangu mwanzo: bamba la silikoni, na sindano za steroidi mara kovu linapoanza kunenepa. Kama unazo pia kifuani au mabegani, au chunusi ya taya huacha uvimbe, mimi ningekushauri usipasuliwe kabisa. Mwambie akuonyeshe picha za wagonjwa wake weusi mwaka mmoja baada ya upasuaji, kwa kuwa kovu huchukua muda huo kukomaa. Na hakikisha jina lake limo kwenye sajili ya baraza la madaktari, KMPDC, kama mpasuaji wa urekebishaji wa maumbile (plastic surgeon).

Presha ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Tatizo kubwa linalotokea mara nyingi baada ya kuinua uso ni damu kukusanyika chini ya ngozi, hasa katika saa 24 za kwanza, na presha ikipanda hatari huongezeka. Idhibiti majuma kadhaa kabla, na siku ya upasuaji usiache dawa zako ila kwa agizo la daktari. Taja pia aspirini, vidonge vya vitunguu saumu na vya mafuta ya samaki. Lakini usiache aspirini uliyoandikiwa kwa ajili ya moyo kabla ya kuongea na aliyekuandikia.

Likizo ya Agosti inaweza kutosha, kwani weusi wa damu kuvilia na uvimbe mwingi huisha kwa wiki mbili hivi. Ganzi ya shavu na ndewe hubaki kwa wiki au miezi, kwa hiyo usikae chini ya draya ya saluni: utaungua bila kuhisi. Ukifanyiwa Nairobi, usipande basi la usiku kurudi Kakamega. Lala karibu na hospitali, na upande mmoja wa uso ukianza kuuma na kuvimba kwa kasi kuliko mwingine, rudi saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.